Papa, Huko Pia Wanamimina kwa Juu

Papa wangu, mwenye miguu isiyojua kuzeeka,

Kikombe chako cha bati, kile cheupe chenye ukingo wa bluu uliobanduka karibu na mshikio, kilikaa peke yake juu ya kabati la jikoni kwangu hapa Anderlecht, Bruxelles, tangu tulipokuzika mpaka juzi. Hakuna aliyekinywea. Nilikuwa nakipangusa vumbi na kukirudisha mahali pake, basi. Leo nakuandikia kwa ajili ya kikombe hicho, na kwa ajili ya mungu mmoja wa Wahindu niliyekutana naye Jumapili moja mchana, nikiwa na akili zangu timamu. Usishtuke. Sijabadili dini, na kwaya bado wananilalamikia kwamba nachelewa mazoezi.

Nianze na habari kubwa: Furaha anaolewa. Mjukuu wako, uliyemlea mgongoni mwako na akabeba jina lako, amepata kijana anaitwa Patrick, fundi wa lifti, mpole, anayekula kama ametumwa. Shida haikuwa Patrick. Shida ilikuwa babu yake, papa Déo, kwa sababu papa Déo ametoka kwenye mlima ule ule tuliotoka sisi, juu ya ziwa Kivu, na kule watu wa umri wake wanajua nani ni nani bila kuuliza. Anajua kwamba sisi ni Batwa, watu wa msitu na vyungu, wa kwanza kuikalia nchi na wa mwisho kupewa kiti. Na siku ya dot, ya kutoa mahari, unavyojua, mtungi wa kasiksi huwekwa katikati, mzee wa upande wa mume na mzee wa upande wa mke wanachovya mirija yao ndani yake na kunyonya pamoja. Pombe hiyo ya ndizi ndiyo inayofunga ndoa. Mzee asiponyonya, wageni wanaanza kutafuta viatu vyao.

Na mtu wa mlima wetu hanyonyi mtungi mmoja na Mutwa.

Kwa hiyo kwa wiki kadhaa nililala na swali moja na kuamka nalo: niweke mtungi, au nisiweke?

Kaka yangu Innocent alikuwa na jibu tayari. Alikuja na mfuko wa mikate, akaketi mahali ulipopenda kuketi, akasema: "Dada, juu ya nini kujitesa? Tunaweka bière, kila mutu na chupa yake, fini. Hapa ni Bruxelles. Hakuna mutu ataona kitu."

"Na papa Déo?"

"Papa Déo atakunywa Jupiler yake, atarudia kwake. Bon, unataka nini zaidi?"

Funika kombe mwanaharamu apite. Ndivyo tulivyoishi, Papa, na sikumlaumu. Mtoto wangu mwenyewe anataka kuolewa, sitaki kuwa mimi ninayeitia ndoa nzi. Nilimwambia nitafikiri.

Nilipofikiri, nilikufikiria wewe unacheza.

Nakumbuka arusi ile kwa yule tajiri wa ng'ombe, mwenye nyumba ya mabati. Kabla ya kucheza ulijitenga nyuma ya ghala, ukatoa mfukoni kipande chako cha kioo kilichovunjika, ukajitazama kwa muda mrefu kuliko mwanamume anavyopaswa kujitazama. Halafu ukasema polepole, "Eh. Amefika." Mimi nilidhani unasifia nywele zako. Ukakirudisha kioo, ukaingia uani na njuga miguuni, na kuanzia pale sikukuona tena baba yangu. Sijui nilimwona nani. Udongo ulikuwa unaruka, mabega yako yalikwenda upande wao na miguu upande wao, na watu ambao asubuhi walipita bila kukusalimu walisimama wote, hata yule tajiri. Wanawake walikuletea watoto wachanga uwaguse vichwa, kwa sababu, walisema, mkono wa Mutwa anayecheza unafukuza mkosi. Nilikuwa mdogo na niliogopa, lakini ni ule woga mtamu unaomfanya mtoto asogee mbele badala ya kukimbia.

Baadaye uliniambia kwamba hata mwami, mfalme wa kule, hakusimikwa bila babu yetu. Babu ndiye aliyetangulia kucheza kwenye udongo ule, na bila yeye ardhi isingemkubali mfalme. Nikauliza, "Na kisha babu alikula kwa mwami?" Ukacheka tu.

Dansi ilipoisha siku ile, uliketi nje ya ua karibu na mlango wa mbuzi, ukatoa kikombe chako kwenye mfuko. Mtu wa nyumba ile akaja na kibuyu, akakiinua juu kabisa, akamimina. Kasiksi ikashuka uzi mrefu, mwembamba, ikaingia kikombeni bila kumwagika hata tone. Niliona ni ufundi wa ajabu. Nilidhani ni sehemu ya mwisho ya mchezo, nikapiga makofi mpaka viganja vikaniuma. Ukanitazama, ukatabasamu, ukaniita Makofi. Jina likanishika mpaka leo.

Ilibidi tufike huku ndipo nijue nilichokuwa nakipigia makofi. Unakumbuka arusi ile kwenye ukumbi karibu na Chaussée d'Ixelles? Ulikuwa tayari unasafisha ofisi, magoti yalishaanza kuuma, lakini walikuomba ucheze na ukacheza, na Wabelgiji waliokuwepo waliacha chakula kikapoa. Ulipomaliza, kijana mmoja wa watu wa Goma, lakini mzaliwa wa huku huku, asiyejua mambo ya mlimani, alikushika mkono akakuvuta hadi kwenye mtungi wa wazee. "Tonton, kamata mrija, kunywa." Wazee waliokaa pale wote wakawa wanatazama viatu vyao. Wewe ukamwambia kwa upole, "Asante, mwanangu. Miye niko na kikombe yangu." Ukakitoa kwenye mfuko wa koti. Kwenye suti, Papa. Ulikuja na kikombe cha bati kwenye suti.

Tukiwa kwenye basi nikakuuliza kwa nini. Ukasema, "Kikombe ya mutu ni kama mswaki yake." Nikaelewa kwamba kuanzia pale tusiseme tena. Mwenye kovu usidhani amepoa.

Sasa nikupeleke kwa yule mungu.

Kazini kwangu, kwenye nyumba ya wazee kule Etterbeek, kuna muuguzi anaitwa Sheeja. Anatoka Kerala, kusini mwa India. Tunafanya zamu moja, tunagawana pilipili zetu, na Kifaransa chetu wote wawili ni cha kozi, kwa hiyo tunaelewana vizuri sana. Siku moja akaniambia, "Jumapili uje umwone baba yangu." Nikasema, kumbe mzee amekuja Ulaya? Akasema hapana, yuko kwao, lakini kuna watu walikwenda kijijini kwao wakamrekodi kwa namna ambayo ukivaa miwani yao unakuwa kule. Siyo unatazama. Unakuwa kule. Nikacheka, nikamwambia mimi nimeishi na ndugu wa kanisa wanaoota kila wiki kwamba wako mbinguni, miwani hainitishi.

Kwanza alinifundisha kidogo. Kwao Wahindu wamegawanyika katika matabaka, mtu anazaliwa na lake na anakufa nalo. Baba yake ni wa tabaka la chini, la watu ambao zamani walikatazwa hata kukaribia mlango wa hekalu. Lakini kila mwaka baada ya mavuno, ni watu wa matabaka hayo ya chini peke yao wanaoweza kumvaa mungu. Ibada hiyo inaitwa teyyam. Tajiri hawezi, kuhani hawezi. Nikauliza, "Anamwigiza mungu?" Akatikisa kichwa kama nimesema jambo la kitoto. "Hapana. Anamvaa."

Ilikuwa kwenye ghala la zamani, si mbali na kwangu. Walitulaza kwenye mikeka. Wakanifunika macho kwa miwani ile mikubwa na masikio kwa vile vya kusikilizia, na dari ya ghala ikaondoka.

Papa, nililala chini ya paa la majani ya mnazi, alfajiri, na juu ya uso wangu kulikuwa na uso wa mzee mmoja aliyeketi kichwani pangu, kidevu juu paji chini, ananipaka rangi. Anatumia kijiti cha jani la mnazi. Nyekundu, njano, weusi wa masizi kuzunguka macho. Anapumua karibu yangu. Hasemi. Naona mkono wake hautetemeki, na nikajikuta nimeacha kupumua nisije nikamharibia mstari. Mimi niliyekuja kucheka.

Kisha nikasimama, maana yule ambaye nilikuwa machoni mwake alisimama. Ni baba yake Sheeja. Wakamfunga sketi ya majani, bangili, vitambaa vyekundu, na mwisho taji refu kuliko mlango wa nyumba yangu. Ngoma zilikuwa zinalia tangu mwanzo, sasa zikapanda. Na kisha zote zikanyamaza, na mtu mmoja akamkabidhi kioo kidogo cha mkononi.

Akakiinua mbele ya uso wake. Nikatazama ndani ya kioo kile. Nilitegemea kuona mwanamume wa Kihindi aliyepakwa rangi. Ule uso uliokuwa mle haukuwa wa mtu. Macho yalinitazama yakijua jina langu. Na nikasikia, si kwenye vile vya masikioni, nikasikia sauti yako nyuma ya ghala la yule tajiri: "Eh. Amefika."

Nililia mle ndani ya miwani, Papa. Haifai, ukungu unajaa. Miaka yote nilidhani unatazama nywele.

Akatoka nje, na mwili wangu ukatoka naye. Moto, ngoma, umati. Watu wakarudi nyuma na watu wakasogea mbele. Mzee mwenye shamba, mwenye nyumba kubwa ambayo ibada inafanyika uani kwake, alikuja kifua wazi, mikono amekutanisha, akainama mbele yangu mpaka nikaona upara wake. Baba yake Sheeja akamshika mkono. Akazungumza naye kwa sauti ambayo haikuwa ya mzee, akamwita kwa jina la ukoo wake, akamuuliza habari za mwanawe mgonjwa, akamwambia asiogope. Akamtia unga wa manjano kiganjani. Na yule bwana alikuwa analia, anatetemeka kama mtoto aliyetoka mtoni. Sikuona mchezo pale. Alikuwa ameamini mpaka kwenye magoti. Nikashangaa, na bado nashangaa, jinsi mtu anavyoweza kupewa ukubwa wote ule na watu wale wale wanaomwita wa chini.

Kisha wakaondoa taji. Wakapangusa rangi kwa mafuta. Na yule aliyekuwa mungu akaenda kuketi nyuma, nje ya ukuta wa ua, amechoka, miguu imenyooshwa.

Kabla hajaja nilijua nani atakuja. Mtu wa nyumba akatoka na chombo cha shaba. Baba yake Sheeja akakutanisha viganja. Chombo kikainuliwa juu, na maji yakashuka uzi mrefu, mwembamba, bila kumwagika hata tone.

Safari hii sikupiga makofi.

Tuliketi nje kwenye ngazi na kahawa za mashine. Sheeja akasema, "Watakwambia ni usafi tu, kwetu watu wengi hunywa bila kugusa chombo. Ni kweli. Lakini tazama nani anaalikwa kukaa ndani." Nikamwambia nilidhani sheria zao zilishakataza. Akasema, "Zilikataza siku nyingi. Mkono haukusoma." Nikamuuliza kama baba yake hakasiriki. Akafikiri, akasema, "Anasema akikasirika atasahau hatua za ngoma."

Nikamweleza habari zako, zote, mpaka kikombe kwenye suti. Ni mtu wa kwanza hapa Ulaya niliyemwambia bila kutazama kwanza nani yuko nyuma yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kitu kimoja tu: "Na huo mtungi wa arusi ile ya Ixelles, ulikuwa wa nani?" Nikasema ni wako, uliufinyanga mwenyewe, ulikuja nao huku umefungwa kwenye blanketi, na wao waliuazima. "Basi wanainywea kazi ya mikono yenu," akasema, "na wanaogopa mdomo?"

Nikiwa kwenye metro nikampigia Innocent. Nikamwambia tunaweka mtungi. Akazima redio iliyokuwa inapiga kelele nyuma yake. Kisha akasema, "Weye ni mutoto wa papa kabisa. Na batakapotoka?"

"Wakitoka, Furaha atajua anaingia kwa nani."

Furaha mwenyewe nilimwambia. Alikuwa hajui habari ya mirija. Alikaa kitandani, akasema, "Maman, muweke mtungi." Lakini aliukunja ukingo wa shuka mpaka ukawa kama kamba.

Jumamosi walikuja, sebule ikajaa mpaka kwenye korido. Kasiksi ilitoka kwa maman mmoja wa jengo la pili anayeichachusha kwenye pishi lake na kumwambia kila mtu ni juisi. Mtungi wako nikauweka katikati ya zulia, mirija miwili ndani, kibuyu kando kwa ajili ya kuongeza. Sheeja alikuwa kwenye kona na sari ya kijani. Innocent akaketi upande wetu wa mtungi, shati limemganda mgongoni. Wasemaji wakasema ya kwao, watu wakacheka wanapopaswa kucheka. Kisha msemaji wa kina Patrick akamwomba papa Déo asogee anyonye.

Papa Déo ni mrefu, mkavu, anatembea na fimbo. Aliketi kwenye kiti kidogo mbele ya mtungi. Akauangalia. Hakuushika mrija. Akauangalia tena. Mke wake alikuwa anakunja kitambaa chake, anakikunjua, anakikunja.

Akainua uso, akanitazama mimi.

"Maman. Papa yako alikuwaka na kikombe yake. Iko wapi?"

Innocent alisimama. Furaha akafumba macho. Nilielewa kama wao walivyoelewa: mzee anataka tuletewe chombo chetu, anyonye yeye kwenye mtungi, na sisi tumiminiwe pembeni. Mbele ya watoto wetu, kwenye nyumba yangu, ambayo nailipia kodi kwa mgongo huu. Nikamwashiria Innocent aketi. Nikaenda jikoni kwa sababu miguu ilikuwa imeshaanza kwenda.

Nikashusha kikombe. Uso wangu ulikuwa kwenye kioo cha dirisha, na kilemba changu chekundu. Nikautazama, Papa, muda mrefu kuliko mwanamke mwenye wageni anavyopaswa kujitazama. Nikasema polepole, "Eh. Amefika." Na nikarudi sebuleni nikiwa sina woga hata kidogo. Siwezi kukueleza zaidi ya hapo, na najua wewe huhitaji kuelezwa.

Nikampa kikombe kwa mikono miwili. Alikigeuza geuza, akapapasa pale palipobanduka.

"Kile kile," akasema. Kisha akawaambia watu, bila kupaza sauti: "Papa ya huyu maman alichezaka kwetu. Batu bote balisimama. Papa yangu pia alisimama. Na kisha ananiambia, Déo, beba kibuyu, umupe kinywaji, lakini isiguse. Ni miye nilikuwa namimina. Kutoka juu, hivi." Akainua mkono mtupu juu ya kichwa chake, na mkono ule ukakumbuka wenyewe, ukasimama mahali pale pale nilipouona nikiwa mtoto.

Kisha akachukua kibuyu. Akakishusha. Akauweka mdomo wa kibuyu juu ya ukingo wa kikombe, ukagusa bati, ukalia, mlio mdogo ambao sikuwahi kuusikia maishani mwangu, na akamimina ukiwa umegusana vile vile mpaka kikombe kikajaa. Akanywa nusu. Akanipa. Nikanywa iliyobaki.

"Kasiksi yenu iko na sukari mingi," akasema, na ndipo akashika mrija, na Innocent akashika wa pili, na wakanyonya.

Sitakudanganya kwamba kila mtu alikunywa. Mke wa papa Déo aliomba Fanta, ya chupa, isiyofunguliwa. Mashangazi wawili wa Patrick walikumbuka dawa zao. Sheeja aliona yote, na tulipokuwa tunaosha vyombo alisema atampigia baba yake ampe habari, hasa ya ule mlio. Akauliza ulikuwaje, kwa sababu kona yake ilikuwa mbali. Nikachukua kijiko nikagonga ukingo wa kikombe. Akagonga na yeye.

Innocent alicheza, Papa. Vibaya sana. Ungemcheka mpaka uketi.

Nakukosa. Natamani ungekuwa hai uusikie mlio ule kwa masikio yako, na kwa hilo tu bado nina hasira kidogo na Mungu, wa kwetu na wa kina Sheeja. Pumzika. Kule uliko, kama wamekupa kinywaji, natumaini hawakuinua mkono.

Kikombe nilikiosha pamoja na vingine na kukipanga pamoja na vingine. Leo asubuhi Patrick amekuja kuchukua viti vya kuazima, akafungua kabati, akachukua cha kwanza alichokiona, kile cheupe chenye ukingo wa bluu, akanywea kahawa bila kuuliza.

Mtoto wako,
Makofi